Kovu la Khavere

Makongeni nzima ilijua kwamba Ndindi ana wazimu wa ngumi. Mumewe alikuwa dereva, mtu wa mpira. Lakini Ndindi, wee! Akisikia redioni kwamba Zedekiah Khavere anapanda ulingoni, sufuria iungue, liwe liwalo. Hakuwahi kumwona kwa macho yake, ila gazeti likitoka na picha ya bingwa, katika nyumba ile halikufungiwa mandazi. Lilikatwa kwa mkasi.

Kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kung'arisha vinyago vya wachongaji kule Shauri Moyo, na huko ndiko alikookota ujanja. Mchongaji akitaka kunakili mnyama wa gazetini, hulowesha picha kwa tapentaini kidogo, huilaza kifudifudi juu ya ubao, kisha husugua kwa mgongo wa kijiko. Wino wa gazeti huhamia kwenye ubao, hafifu lakini kamili. Ndindi alifanya hivyo hivyo kwa karatasi nyeupe, na gazeti lililochafuka akawashia jiko. Mistari aliifuata kwa kalamu ya wino, akaingoja ikauke kabisa, ndipo akapaka rangi za maji. Penye jasho la paji la uso hakupaka kitu. Aliacha karatasi yenyewe ing'ae. Picha kumi na moja kwa miaka mitatu, jameni, Khavere kila ukuta!

Basi mwaka wa 1979 likaja tangazo. Bingwa amerudi na mkanda, na Jumapili baada ya kanisa atakuwa kwenye ukumbi wa mtaa akiwatilia watu sahihi. Ndindi aliruka mpaka leso ikamfunguka. Alitaka kitu kimoja tu duniani, sahihi ya Khavere kwenye ile picha ya kumi na moja.

Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake alisimama jirani yake Roseline, mke wa karani wa reli.

"Hebu tuone," Roseline akasema. Akaitazama, akamtazama Khavere kule mbele, akaitazama tena. "Ai, Ndindi! Kovu lake si liko juu ya jicho la kushoto? Wako analo kulia. Na ngumi anarusha na mkono wa kushoto! Umemgeuza kama soksi."

Ngai! Ndindi akaelewa papo hapo. Ukisugua kifudifudi, kushoto inakuwa kulia. Twiga akigeuka ni twiga tu, hakuna mchongaji aliyewahi kulalamika. Lakini Khavere si twiga. Miaka mitatu yote, uongo mtupu! Alianza kuikunja picha huku machozi yakimlenga, foleni ikamsukuma mpaka kwenye meza ya bingwa, na mkono mpana wa Khavere ukaishika karatasi.

Walio karibu waliona kosa, wakaanza kucheka. Bingwa akagusa kovu lake kwa kidole, akagusa na lile la kwenye picha.

"Mama, nani amechora hii?"

"Ni mimi, bwana Khavere. Nisamehe, nimekugeuza."

"Umenigeuza wapi? Picha za magazeti nikiziangalia naona jamaa fulani tu, sijui ni nani. Huyu hapa ndiye ninayemnyoa ndevu kwenye kioo kila asubuhi." Akaiinua juu ukumbi mzima uone. "Huyu ndiye mimi!"

Vigelegele vikalipuka, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Roseline, mnafiki yule! Ndindi alicheka na kulia kwa pamoja. Akamnyooshea kalamu.

"Basi nitilie sahihi."

"Hapana. Hii naomba niende nayo nyumbani. Lakini haina jina."

"Jina la nani?"

"Lako, mama."

Vinyago vyote alivyong'arisha tangu aolewe vilikwenda zake bila jina lake popote. Akainama mezani akaandika kwa wino, herufi kubwa kubwa, NDINDI, kisha akapuliza mpaka ukakauka.