Kidole Gumba cha Mnoa Visu

Mnoa visu hukaa kwenye kigoda mbele ya bucha, gogo likiwa katikati ya magoti. Juu ya gogo amechomeka vinoo viwili, vimeinama huku na huku kama masikio ya sungura. Kisu hukishusha wima, mara kushoto, mara kulia, midomo ikihesabu bila sauti. Kuinama ni kazi ya mawe. Kazi yake yeye ni kutoyumbisha mkono. Mwisho hufumba macho na kupitisha makali kwenye kidole gumba, polepole, na asipotikisa kichwa basi kisu kimeiva. Lakini tangu mwezi uliopita kidole hicho kimekufa ganzi. Hajamwambia mtu, hata mke wake. Wateja wakijua watahamia kwa yule wa mashine kule stendi, naye hana kazi nyingine anayoijua. Kwa hiyo siku hizi hufumba macho na kubahatisha.

Leo mama wa bucha alisimama mbele yake akisubiri kisu chake kikubwa.

“Fundi, kimekubali?”

“Kimekubali, mama. Hiki hata kivuli kinakata.”

“Na hicho kidole je?”

Alifumbua macho. Damu ilikuwa imeshafika kwenye kiwiko, naye hana habari.

“Si ndiyo ushahidi wenyewe?” alisema, akacheka peke yake.

Mama wa bucha alimpa kitambaa. Kisha akachukua kisu na, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akakijaribu mwenyewe kwenye ukucha wake.