Mchungwa Uliorudi Kwao

Muuza miche wa kando ya barabara kuu, hapa Kibiti, hakuuzii mche mpaka akuhoji kana kwamba umekuja kuposa bintiye. Utaupanda wapi? Nani ataumwagilia? Una mbuzi? Huku anauliza, kidole chake chenye udongo usiotoka hata siku ya Idi kinapangusa vumbi kwenye majani, na anaongea kwa sauti ya chini, eti miche isishtuke. Wasafiri wanasonya, wanaondoka. Sijui wanawe wanakula nini! Mimi nilivumilia, nikapewa mchungwa, nikaupanda uani.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani Mbuchi, nikakawia. Narudi, namkuta uani kwangu na jembe, mchungwa keshaung'oa na bonge lake la udongo, kaupakata kama mtoto mgonjwa. "Umenyauka, bwana. Naurudisha kwao." Kwao! Na nilishaulipia! Majirani walijaa, na badala ya kumzuia yeye wakanitazama mimi. Leo nimemeza hasira, nimeufuata. Nimeukuta kivulini, majani yamesimama. Nikamwambia nimekuja kuuchukua. Hakuinua hata uso.

"Rudi na wazee wako," akasema.