Joto Lililomzidi Mbaraka

Wakati wetu, sisi tuliokulia Guangzhou miaka ya tisini ikielekea ukingoni, baridi iliingia mwilini kwa njia tatu: nyayo, kitovu na kisogo. Kila mtoto alilijua hilo. Ukionekana peku kwenye sakafu ya vigae, hata mama asiyekufahamu alikukemea kutoka ng'ambo ya kichochoro. Leo nawaona vijana wa Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, suruali imechanwa magotini kwa makusudi, vifundo vya miguu viko nje mwezi wa Januari, mkononi kikombe cha chai yenye barafu, halafu wanauliza kwa nini tumbo linawasokota. Sisi tulikunywa maji ya moto kutoka kwenye chupa kubwa ya chai yenye maua mekundu, na aliyeomba maji baridi alitazamwa kama mtu aliyeomba sumu.

Familia za Waswahili zilikuwa za kuhesabu. Tulicheza kile kishada cha manyoya ya kuku kinachopigwa kwa kisigino, tukachana viatu vya shule, tukachapwa, tukarudi kucheza. Majira ya mvua kuta zilitoka jasho na nguo zilikaa wiki nzima kwenye miti ya mianzi bila kukauka. Nyumba hazikuwa na kitu cha kuzipasha moto. Joto mlilokuwa nalo ni lile mliloingia nalo ndani.

Baba na mama walifariki pamoja, kwa ajali ya basi, walipokwenda Tanga mazikoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu Rukia kumi, na kitindamimba wetu Mbaraka sita. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kufunga mizigo kwa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akisafirisha kago kutoka pale Guangzhou, na sikurudi darasani tena.

Ami yetu, mdogo wake baba, alipiga simu kutoka Dar. "Mwanamume wa miaka kumi na sita hawezi kulea," alisema. "Rukia ataenda kwa shangazi yenu Tanga, Mbaraka atakuja kwangu, na wewe utajitegemea. Nakuja Januari kuchukua mzigo kabla Wachina hawajafunga viwanda kwa mwaka wao mpya. Nitawatazama, kisha nitaamua la mwisho."

Sasa atazame nini? Mbaraka alikuwa mwembamba, mikono baridi kama samaki wa sokoni, na kila usiku alikojoa kitandani. Godoro lake lilining'inia dirishani kila asubuhi, kichochoro kizima kikilisoma.

Nikampeleka kwa Bibi Ma, Mwislamu wa Kichina aliyekuwa na duka la mitishamba pale kona, jirani na bucha la kondoo. Duka lenyewe lilikuwa droo tupu, mamia ya droo mpaka darini, na harufu yake ilikuwa ya udongo, maganda ya machungwa na kitu kama kabati la bibi. Alimshika mtoto kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, kisha akamwambia atoe ulimi. Rukia, aliyesoma shule ya Wachina, ndiye aliyetufasiria.

"Anasema yang yake ni ndogo. Ni kama moto, uko kwenye figo. Moto ukiwa mdogo, maji hayashikiki. Na anasema Kaka unapika wali mbichi."

"Amesema hivyo?"

"Hapana. Hilo nasema mimi."

Mimi sikushangaa. Mama alikuwa akitufundisha yale yale kwa maneno mengine: pweza ni moto, dafu ni baridi, mwenye kikohozi asiguse dafu. Nilimwelewa Bibi Ma kuliko nilivyopata kumwelewa mwalimu wangu wa hesabu. Akatupatia mzizi uitwao danggui, unaonukia kama giligilani iliyozeekea mfukoni, na akaeleza: nyama ya kondoo, tangawizi nyingi, mzizi huu, ichemke taratibu. Bakuli dogo, mara moja kila siku tatu.

Ikafaa. Wiki ya pili godoro likaamka kavu. Rukia alipiga vigelegele dirishani mpaka majirani wakachungulia.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini ami alipiga simu kwamba anafika Ijumaa, nami hofu ikanipanda. Nikajiambia: kama bakuli moja kwa siku tatu linaleta hivi, mawili kwa siku je? Nikafungua na kopo la mama la viungo vya pilau. Mdalasini ni moto, nikatia. Karafuu ni moto, nikatia. Pilipili manga, kijiko. Mbaraka alikunywa akitokwa jasho puani. "Kaka, masikio yanaungua," alilalamika. Nikamwambia hiyo ndiyo yang inaingia.

Ijumaa, baada ya swala, ami akaja kula kwetu akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Akamtazama Mbaraka, mashavu mekundu, akafurahi. "Mashallah! Nilidhani nitakuta mifupa." Akampakata. Akanipa tabasamu, la kwanza tangu msiba.

Hapo ndipo damu ilipomtoka mtoto puani, bomba kabisa, yote juu ya kanzu.

"Mtoto anakufa!" ami alipiga kelele. "Nilisema! Kesho mnafungasha wote wawili!"

Tukakimbia kwa Bibi Ma, ami mbele na Mbaraka begani. Bibi Ma akamshika mtoto mkono, akamnusa kinywa, akauliza nimempa nini. Nikataja vyote. Alicheka mpaka akaishika meza.

Rukia akafasiri: "Anasema alikuagiza uwashe mshumaa, umechoma nyumba."

Akamminya mtoto pua, akamnywesha chai chungu ya kushusha joto, na damu ikakata. Lakini ami hakupoa. "Mwambie namchukua. Kaka yake anamuua."

Bibi Ma aliacha kucheka. Alisema polepole, na Rukia akafasiri kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida: "Anasema watoto wasio na mtu huletwa hapa wakiwa baridi. Amewashika mikono wengi. Hajawahi kuletewa yatima aliyezidi joto."

Ami alitazama kanzu yake.

Ndipo Bibi Ma akaomba mkono wa ami mwenyewe. Akaupima, akaguna. Rukia akaanza, "Anauliza kama kiuno kinakuuma, na kama bi mdogo..."

"Nenda nje, we mtoto!" alisema ami, aliyekuwa ameongeza mke mwaka ule. Sote tukatoka. Namna walivyoelewana ndani bila mkalimani siijui, ila ami alitoka na kifurushi chini ya koti kama mwizi wa kuku.

"Kaeni," aliniambia mlangoni. "Lakini bakuli moja, siku tatu. Umesikia?"

"Nimesikia, ami."

Miaka mingi baadaye alinipigia simu kuuliza hali za watoto, kisha akashusha sauti: "Na ule mzigo wangu mdogo, unapatikana bado?"

Siku hizi dawa zinaagizwa kwa simu, zimekwisha sagwa, na anayezileta hashuki hata kwenye pikipiki yake. Duka la Bibi Ma linauza vioo vya simu. Rukia yuko Maskati na wanawe, Mbaraka ana ofisi yake Dar na kitambi cha heshima. Waliondoka kwa hiari yao, mmoja baada ya mwingine, nami nikawabebea mabegi mpaka uwanja wa ndege nikijifanya kucheka. Kumbe ami hakuwa na haja ya kusafiri kote kule aje atutenganishe. Angengoja tu tukue.