Marehemu Aliyepunguzwa Bei

Shakir Dimyati alikuwa mchora herufi mtaa wa Faggala, Kairo, na hakuna aliyemcheka Shakir kuliko Shakir mwenyewe. Alikuwa akisema Mungu alimpa mkono mzuri, akamnyima kiasi.

Wenye viwanda vya uchapaji walipotaka herufi mpya za Kiarabu za matangazo, alijifungia sebuleni akachora herufi nene, zilizoshiba kama bata wa sikukuu, kisha akaziinamisha ili zionekane zina haraka. Aliziinamisha kulia, kama alivyoona kwenye magazeti ya Wazungu. Mkewe Inshirah alipoleta chai akazitazama.

"Baba Nagwa, sisi si tunasoma kwenda kushoto? Mbona hizi kama zinavutwa shati kwa nyuma?"

Shakir akamjibu kwamba mambo ya fani yana wenyewe. Mkewe alipotoka tu, alizifuta zote akaziinamisha kushoto. Baadaye watu walipozisifia, alizipokea sifa peke yake.

Na zilisifiwa kweli. Muuza juisi ya miwa aliziweka juu ya mlango, watu wa sabuni wakazitia kwenye paketi, sinema nazo zikazitaka kwa filamu za ngumi. Shakir akawa hawezi kupita barabarani bila kusimama kusoma ubao anaoujua kwa moyo, hata siku moja nusura agongwe na baiskeli ya mikate.

Ndipo baba mkwe wake akafariki. Kwa mapenzi, na kwa majivuno pia, Shakir alijitolea kutengeneza tangazo la kifo la kubandikwa mtaani. Alitumia herufi zilezile, tena kubwa. Kulipokucha, mama mmoja alisimama mbele ya ukuta akauliza duka lenyewe liko wapi. Na kwenye hema la matanga Galal, mdogo wa marehemu, akamsogelea taratibu.

"Ustadhi, kaka yangu amefariki, au amepunguzwa bei?"

Shakir alitamani ardhi immeze. Alitoka kwenda kuyabandua matangazo yote, na Inshirah akamkuta njiani amekumbatia karatasi zilizochanika. Mkewe alilitazama lililobaki ukutani, mabega yakaanza kumtikisika. Shakir akajua leo ndoa yake imefika mwisho. Kumbe alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka.

"Baba maisha yake yote hajawahi kufika mahali mapema. Muache leo akimbie."

Wakakaa kwenye ukingo wa barabara wakalia na kucheka pamoja, na lile tangazo likaachwa.

Baada ya arobaini Shakir alichora herufi nyingine kwa ajili ya misiba: wima, nyembamba, zenye adabu zake. Hakuna aliyezitaka. Mwishowe alizitumia kuandika jina lake mlangoni, na tangu hapo tarishi akawa anapita bila kuuona mlango.