Konokono Wanene wa Bwawa la Chemba

Nilikwenda Chemba kutafuta konokono. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo pale chuoni Chimwaga, Dodoma, nikitaka kujua kama vimelea vya kichocho hubadilisha gamba la konokono wa maji baridi wanaovibeba. Konokono wa safari yangu ya kwanza, niliowaokota kwingine, walinifia wote ndooni. Mvua zilikuwa zimekatika. Bwawa likikauka, ningesubiri mwaka mzima.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Kondoa. Saa tatu nilishuka Chemba, na bodaboda akanifikisha bwawani.

Walionipokea ni Mama Hadija, Mrangi anayelima mchicha kando ya maji, na mumewe, Mzee Issa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yaani umetoka kote huko Dodoma kufuata konokono?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nilivaa buti na glavu, nikachota kwa chujio refu. Mama Hadija akachungulia beseni. "Hawa wameumuka kama maandazi," alisema. "Hawa wengine wembamba." Sikuwa nimemwambia neno juu ya swali langu la gamba. Nikampa glavu, nikamwomba awatenge.

Saa tano, jua likiwaka, nilimweka kila konokono kwenye glasi yake ya maji safi, maana mwanga ndio huvitoa vimelea nje ya konokono. Tulikunywa chai. Kufika saa sita, glasi za wale wanene zilijaa vitone vyeupe vinavyocheza. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mzee Issa aliinama. "Vinatembea! Na sisi tunaingia humo peku?"

"Hupenya kwenye ngozi, mzee. Ndivyo vinavyoleta kichocho."

Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, "Mimi nakojoa damu tangu kabla ya mavuno. Nilidhani ni kazi za juani."

"Baba Hadija! Hukuniambia?"

"Niliona aibu, mke wangu."

Saa nane tulikuwa zahanati. Mkojo ulipimwa, mayai ya vimelea yakaonekana. Mhudumu alisema dawa isimezwe kwa njaa, basi Mama Hadija akamsimamia mumewe mpaka akamaliza ugali na mlenda, ndipo akampa vidonge.

Tuliporudi bwawani, nilikuta glasi moja ya mwembamba nayo ina vitone.

"Kumbe hata huyu?" Mama Hadija aliuliza.

"Hata huyu, mama."

"Basi macho yangu hayatoshi."

Yangu pia hayakutosha. Saa kumi na moja nilipanda basi la kurudi, konokono wakiwa hai ndani ya kitambaa kibichi, nikijua kwamba gamba husema mengi lakini halisemi yote.

Baada ya wiki kadhaa Mzee Issa alinipigia simu. Damu imekoma, alisema. Ijumaa, baada ya swala, alisimama mbele ya wanaume wenzake akawaeleza wazi kilichokuwa kinamsumbua.

"Hawakukucheka, mzee?"

"Nani acheke? Wanne wamenifuata wakaniuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi."