Nne Zinatosha

Mwaka ule, aliyetaka kujua Wiebke Harmsen anaishi wapi asingepoteza muda kwenye chumba alichopanga. Pale alikuwa analala tu. Makazi yake yalikuwa maktaba ya sheria ya chuo kikuu, Göttingen, Ujerumani, ghorofa ya juu, kiti cha dirishani chenye mguu unaocheza. Na kama mfungwa yeyote mwenye tabia njema, aliruhusiwa kutoka kunyoosha miguu. Ukiinuka, unaacha mezani kisahani cha karatasi ngumu, kama kile madereva wanachoweka kiooni wakiegesha gari, kinachoonyesha umeondoka saa ngapi. Ikipita saa moja hujarudi, mtu yeyote ana ruhusa ya kuhamisha vitabu vyako na kukalia kiti chako. Na mtu yeyote huyo hakosekani. Amesimama kando ya rafu, anajifanya anatafuta kitabu, anakitazama kisahani chako kama fisi anavyomtazama mbuzi mgonjwa.

Wiebke alikuwa binti mrefu, mabega yamemwinama kwa kuinamia vitabu. Mtihani wa dola, ule unaompeleka mtu kwenye uwakili na ujaji, alishaanguka mara moja. Wajerumani wanatoa nafasi mbili. Ukianguka ya pili umeanguka nchi nzima. Huwezi kuhamia mkoa mwingine ukajifanya mgeni. Unatoka na miaka yako yote ya chuo na cheti kilekile ulichoingia nacho, cha sekondari. Wanasema hii ni nchi ya utaratibu, na ni kweli: hata wakikumaliza, wanakumaliza kwa utaratibu.

Alama zenyewe ni kumi na nane, ila hizo za juu ni kama malaika, zinatajwa tu. Mwenye tisa watu wanampisha mlangoni. Mwenye nne amefaulu. "Nne zinatosha," wanafunzi walikuwa wakiambiana kantini, kama wenzao wanavyouliziana habari za asubuhi.

Nyumbani kwao, Leer, mama yake Gesine alikuwa na saluni, na wateja wote walishajua kwamba mtoto wa Gesine ni wakili, imebaki karatasi tu. Kila Jumapili alimpigia simu kumwambia atapita tu. Wiebke aliliogopa lile neno "tu" kuliko mtihani wenyewe. Aliyeambiwa atapita tu hana pa kusemea kwamba labda hapiti.

Basi akajichimbia kwenye kadi. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu, zimepangwa ndani ya sanduku lenye vyumba: unayoijua inasonga mbele, usiyoijua inarudi mwanzo. Alikuwa na rangi kwa kila sheria: bluu ya mikataba, nyekundu ya jinai, kijani ya serikali. Masanduku yakawa mengi hadi meza ikafanana na duka la viatu. Kitu kimoja tu hakukifanya: kukaa chini na kuandika mtihani mzima wa mazoezi, saa zote tano, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila Jumamosi alikuwa na sababu. Mara kadi za urithi hazijakamilika, mara mgongo.

Siku moja mwalimu wao wa kulipia alimkamata. Wanafunzi wanamwita Mrudiaji, maana kazi yake ni kuwarudishia kwa fedha yale ambayo chuo kiliwafundisha bure na hawakuelewa. Jina lake Brinkmeier, mzee wa mikwaruzo, sauti kama mlango wa ghala. Alimwambia mbele ya darasa kwamba yeye Harmsen ni fundi mzuri wa makabati na angefanya vizuri kubadilisha fani. Darasa likacheka. Jumamosi iliyofuata Wiebke akaenda kuandika.

Kisa kilihusu theluji iliyoporomoka toka paani ikabonyeza gari lililoegeshwa chini. Moyo wake uliruka kwa furaha. Theluji na paa alikuwa na kadi yake, tena ya zamani, alikuwa akiijua kama jina la bibi yake: wajibu wa mwenye nyumba kuwalinda wapita njia. Akaandika kurasa na kurasa, kalamu inateleza yenyewe. Karatasi iliporudi ilikuwa na alama tatu. Mwenye gari hakuwa mpita njia. Alikuwa mpangaji wa nyumba ileile. Kisa kilisema wazi, mstari wa pili, na jibu lilitakiwa kuanza na mkataba wa pango. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: "Kisa hiki umekieleza vizuri. Sicho tulichouliza."

Wiebke aliweka kisahani mezani akatoka. Alifuata ukuta wa zamani wa mji, akapita makaburi, akapita stesheni, na saa moja ikaisha akiwa anatembea. Mlangoni kwa mwoka mikate palikuwa na tangazo: anatafutwa muuzaji. Akaingia kama mtu aliyeona dirisha la jela limeachwa wazi.

Mama mwenye aproni alimuuliza kama ana cheti.

"Cha kuuza mikate?"

"Miaka mitatu ya mafunzo, dada. Kwani unadhani mkate unajiuza?"

Wiebke akasema ana sekondari, na sheria nusu.

"Nusu ya sheria," yule mama alirudia, akimfungia andazi la mdalasini aliloagiza kwa aibu. "Hiyo hata polisi hawaichukui."

Aliporudi maktaba, kiti chake kilikuwa na mtu. Vitabu vyake vilikuwa vimerundikwa sakafuni kwa heshima kubwa, masanduku ya kadi juu, na kisahani juu ya masanduku, kama kaburi lililojengwa vizuri. Akakaa palepale chini, akala andazi, jambo ambalo maktaba hairuhusu.

Jannik Osterkamp ndiye aliyemkuta. Huyu alikuwa kichaa wa aina yake. Mtihani alishafaulu, na alama nzuri tu, akarudi kuufanya tena kwa hiari yake ili apate zaidi; sheria inaruhusu. Yaani mtu kamaliza kifungo, kagonga geti aingie.

"We Wiebke," alisema akichuchumaa, "hizi kadi unazisoma au umezichumbia?"

"Zinanisaidia kukumbuka."

"Kukumbuka hujambo, ndiyo shida yako. Watu wanakuuliza habari za huyu, wewe unajibu za yule unayemfahamu."

"Na nikisahau je?"

"Si kitabu cha sheria utakuwa nacho mezani? Kimeandikwa ili watu wasahau, dada yangu. Lete hayo masanduku."

Akayafungia kwenye kabati la chini, ufunguo akautia mfukoni. Wiebke alijisikia kama amevuliwa nguo stendi ya basi.

Tangu hapo Jannik akamtesa kwa namna mpya. Asome swali kwanza, kisa baadaye. Kisa akisome mara tatu, kalamu ikiwa chini. Achore watu wote kwenye karatasi ya kuchorachora, mishale toka kwa huyu kwenda kwa yule, nani anamdai nani nini. Kila sentensi aiulize imefuata nini pale, maana watunga mtihani hawaandiki neno la kupamba. Theluthi nzima ya muda asiandike chochote, na hiyo ndiyo iliyomtoa jasho: kukaa kimya huku wenzake wote kalamu zinakwaruza. Kila Jumamosi mtihani mzima, ukirudi aandike upya siku hiyohiyo aya zile tu alizoharibu. Jumapili hakuna kitabu.

Alipata mbili. Akapata tatu, na tatu tena. Akapata tano, akaenda hadi chooni kucheka peke yake, na wiki iliyofuata akapata tatu. Hakuwahi kujisikia huru. Zamani alifungwa na kadi, sasa amefungwa bila hata kadi za kumliwaza.

Mtihani ukaja, karatasi baada ya karatasi, akatoka bila kujua chochote. Akasubiri miezi. Akaitwa kwenye mahojiano, sehemu ya mdomo ya mtihani uleule, akavaa suti ya kuazima inayombana kwapani, akakaa na watahiniwa wengine mbele ya watu watatu wenye nyuso za makabati. Mwenyekiti, jaji mwanamke mwenye nywele fupi za kijivu, akaeleza habari za mwanafunzi aliyemwazima rafiki yake baiskeli, na rafiki akaiuza. Akamgeukia Wiebke. Wiebke akawachora kwanza akilini, mishale toka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka jirani yake akamtupia jicho.

"Baiskeli yenyewe ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Hilo sijalisema," akajibu jaji.

"Ndiyo maana nauliza."

Jaji akaandika kitu. Jioni waliitwa ndani, wakasimama kama watoto waliovunja kioo, wakasomewa matokeo. Wiebke Harmsen: nne na nukta kidogo. Amefaulu.

Alikaa kwenye ngazi za nje, akavua viatu, akampigia mama yake saluni. Gesine akapiga ukelele, akazima mashine ya kukaushia nywele, akawatangazia wateja, na Wiebke akasikia makofi ya vichwa vilivyofungwa taulo.

"Bi Tebbe anauliza," mama yake alisema huku akipenga kamasi, "sasa utamshikia ile kesi ya ua wa jirani?"

"Bado, Mama. Kuna mafunzo ya mahakamani miaka miwili kwanza. Halafu mtihani wa dola wa pili."

Gesine akashusha sauti, wateja wasisikie.

"Huo nao unatoa nafasi ngapi, mwanangu?"

"Mbili."

Mashine ya nywele ikawaka tena.