Sahani Zilizorudi Jikoni

Husemwa majuto ni mjukuu. Kwa dada yangu yamekuwa mume: analala nayo, anaamka nayo.

Mume wake hasa, yaani shemeji yangu, alipika katika kantini ya kiwanda cha sabuni mpaka akastaafu. Walimwita Kionjo, maana hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake kabla hajatia kijiko. Kazini tabia hiyo ilimpa heshima. Nyumbani ilikuwa balaa. Dada akipika wali, ataambiwa moto ulizidi. Akipika maharage, kitunguu hakikuiva. Miaka nenda miaka rudi, dada wa watu alinyamaza akaosha vyombo.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanzia shemeji mkononi. Tulimpeleka hospitali, akapewa vidonge. Hakuna aliyetuambia kwamba maradhi hayo hufika hadi kooni. Kwa hiyo Kionjo alipoanza kutafuna tonge moja muda mrefu, kukohoa, kisha kusukuma sahani, dada alielewa kama alivyozoea kuelewa.

"Leo kimekosa nini?"

Shemeji alitikisa kichwa tu, kikohozi kimemtoa machozi.

"Basi nenda kale kantini kwako!"

Nilikuwapo, na sikumlaumu. Angekuwa mume wangu mimi, sahani ingeruka.

Shemeji akakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Dada naye alinuna, akaacha hata kumbembeleza ale. Mwishowe homa ya mapafu ikamlaza shemeji hospitali. Daktari, binti mpole, alimpa maji kijiko kimoja, akamwekea vidole kooni kwa nje huku shemeji akimeza, kisha akatueleza: misuli ya kumezea imelegea, chakula na maji vinapotea njia na kuingia mapafuni. Tumpe uji mzito, akae wima, ainamishe kidevu anapomeza. Ikishindikana, atawekewa mpira wa kulishia tumboni.

Daktari alipotoka, dada alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mumewe ule mkono unaotetemeka.

"Baba watoto, kwa nini hukuniambia kinakukwama?"

Sauti ya shemeji ilikuwa imefifia sana, ikabidi tuiname kumsikia.

"Nilijaribu. Kila nikitaka kusema, nakuona umeshakasirika. Nikaona utadhani nimekutafutia kasoro nyingine."

Nilimtazama dada, nikingoja abishe, kwani si mtu wa kukubali jambo kirahisi. Hakubisha. Alilia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote, kwa sababu ndivyo hasa ambavyo angedhani.